Maji ya Pasi

Sehemu ya saba

Arobaini na saba.

Hiyo ndiyo namba tuliyomwacha nayo Ottmar Schwenk Jumamosi iliyopita, msomaji, ikiwaka kwenye kioo cha kipimo cha chumvi za majini huku yeye ameinama juu yake katika chumba cha kufulia, chini kabisa ya nyumba yake, miwani imemshuka hadi ncha ya pua. Maji ya mvuke, yaliyochemshwa yakapanda na kurudi kuwa maji bila chumvi wala taka, hayapaswi kusoma zaidi ya mbili.

Akapima tena. Arobaini na saba. Akaosha ncha ya kipimo, akaifuta, akapima mara ya tatu, maana mtu aliyeongoza maabara ya maji ya mji wa Erlenbronn kwa miaka thelathini na moja hapimi mara mbili akaridhika.

Arobaini na nane.

Juu ya meza ya kazi kulikuwa na gilasi ya jamu, betri tatu ndogo zilizofungwa pamoja, na nyaya mbili za fedha. Fedha madini, si ile ya mfukoni. Maji ya gilasini yalipaswa kubaki maangavu saa nzima huku umeme ukimega fedha kidogo kidogo. Yaligeuka maziwa katika dakika nane.

"Irmtraud!"

Mkewe alitokea juu ya ngazi, kitambaa cha vyombo begani.

"Mbona unaniita kama nyumba inaungua?"

"Hili dumu. Nani kalijaza?"

"Mimi."

"Kwa maji gani?"

"Ya mashine ya kukaushia nguo. Kwa nini?"

Ottmar aliketi juu ya kapu la nguo chafu.

"Limeandikwa Dest., yaani maji ya mvuke," alisema. "Kwa mwandiko wako."

"Ndiyo, Dest. Ya pasi. Mashine inavuta mvuke kwenye nguo, mvuke unarudi kuwa maji, maji yanaingia kwenye kisanduku. Sasa hayo kama si Dest. ni nini? Mama alifanya hivyo, mimi nafanya hivyo, mtaa mzima unafanya hivyo. Au ulitaka niyamwage?"

Kumwaga. Neno hilo, katika nyumba za upande huu wa milima ya Alb, husemwa kwa sauti ya chini. Ottmar mwenyewe alizaliwa humu. Alijua kwamba dumu alilonunua dukani, lenye maji halali ya mvuke, lilikuwa limeisha zamani, na kwamba hakuna mwanamke wa hapa ambaye angelitupa dumu zima lenye kifuniko chake. Lilijazwa tena. Likaisha, likajazwa tena. Naye, aliyewahi kufunga kisima cha hoteli kwa sababu ya mfuniko usiobana, alikuwa akimimina kutoka humo kwa wiki saba kwa kuwa kibandiko kilisema Dest.

"Unajua mle ndani mna nini?" aliuliza. "Manyoya ya soksi. Sabuni. Kilainishi cha nguo. Na kisanduku chenyewe ni giza, joto na unyevu. Vijidudu huko wanaishi kama wamestaafu."

"Pasi haijawahi kulalamika," alisema Irmtraud. Kisha macho yake yakazifikia nyaya. "Wewe si ulisema unatengeneza redio?"

Ottmar akatazama soksi zake.

"Si redio," alisema. "Ni maji ya fedha. Nayanywa."

"Unakunywa..."

"Kijiko kimoja asubuhi. Kwa ajili ya koo."

"Maji ya soksi zako?"

"Sikujua kuwa ni ya soksi zangu."

Irmtraud alicheka mpaka akashika ukuta. "Miaka arobaini ya ndoa! Miaka arobaini umenikataza kunywa kwenye chemchemi ya kule msituni kwa sababu haina cheti! Kumbe bwana mkubwa anajichotea kwenye mashine yangu!"

Alikuwa na haki ya kucheka. Ottmar alikuwa amewahi kusimama mbele ya watu mia mbili katika ukumbi wa mji akawaeleza kwamba hakuna utafiti wa kuaminika unaoonyesha kuwa kunywa fedha kunatibu chochote, na kwamba ikikusanyika mwilini ngozi hugeuka kijivu na hairudi tena. Walimpigia makofi. Miaka minne baadaye koo lilimwasha, madaktari watatu wakamwambia ni uzee, naye akaenda kununua nyaya.

Lakini yeye hakucheka.

"Nimempa Hiltrud chupa," alisema.

Kicheko cha Irmtraud kilikatika.

Hiltrud ni dada mkubwa wa Ottmar, ana miaka sabini na minne, na mapafu yake ni mabovu kiasi kwamba ngazi moja humchukua muda wa sala fupi. Anatumia mashine inayogeuza dawa kuwa ukungu ili aivute kwa barakoa. Wiki mbili zilizopita alisikia habari za maji ya fedha kwenye kikundi chake cha mazoezi, akatangaza kwamba atajitengenezea kwa maji ya bomba na vijiko viwili vya fedha vya mama yao. Ottmar alimhutubia kwa dakika arobaini kuhusu klorini, chokaa na chumvi. Alimchorea hata mchoro. Mwishowe, ili kumwokoa na maji ya bomba, alimpa chupa yake mwenyewe siku ya Alhamisi.

"Ukamwambiaje?" aliuliza Irmtraud.

"Nilimwambia haya ndiyo masafi. Nikamwambia mimi ndiye ninayejua maji."

"Na yeye anakunywa kijiko?"

"Yeye anavuta. Kwa mashine. Saa tisa, baada ya kahawa."

Wote wawili waliitazama saa ya ukutani. Saa nane na dakika ishirini na tano.

"Lakini si fedha inaua vijidudu?" alisema Irmtraud, taratibu, kama anayemtafutia mumewe mlango wa nyuma.

"Fedha kiasi gani? Vijidudu gani? Kwa muda gani?"

"Nakuuliza wewe, wewe ndiye mtaalamu."

"Sikupima."

Kipimo kilikuwa kwenye rafu muda wote huo, ndani ya boksi lake, umbali wa mkono. Wiki saba hakukigusa. Kukishusha kungekuwa kukiri kwamba anafanya jambo lile kwa dhati. Bila kipimo, bado angeweza kujiambia kuwa anachezea betri tu. Leo tu, maji yalipogeuka maziwa mbele ya macho yake, ndipo mkono ulipokwenda wenyewe.

Alipiga simu. Hiltrud alipokea kwenye mlio wa pili.

"Sema haraka, Ottmar. Natoa vifaa vya masikioni, nataka kulala kidogo."

"Dada, ile chupa. Usiitumie leo."

"Kwa nini?"

Ukweli ulikuwa maneno matatu: maji ya kufulia. Ottmar alikuwa mtu wa kusema ukweli mfupi. Ripoti zake zilisifiwa kwa hilo. Akafungua mdomo.

"Inahitaji kutulia," alisema.

"Kama divai?"

"Kama... ndiyo. Kama divai."

Irmtraud alijifunika uso kwa kitambaa cha vyombo.

"Basi nitatumia nusu."

"Usitumie hata nusu!"

"Hata robo haina neno, mdogo wangu, mimi ni mzee, siwezi kungoja divai." Simu ikakatika.

Alipiga tena. Ililia mara kumi na nne. Hiltrud alikwisha kuviweka vifaa vyake vya masikioni mezani, na bila hivyo hata treni ikipita sebuleni hasikii.

"Kama divai," alisema Irmtraud.

"Usiongee."

"Chukua baiskeli, mzee wangu. Nenda kamwambie dada yako anywe mwaka ujao."

Hiltrud anaishi ghorofa ya tatu katika jumba lililo nyuma ya kanisa, mwendo wa baiskeli wa dakika ishirini na sehemu kubwa ni mlima. Ottmar alifika na jasho na bila pumzi, akasukuma mlango wa mbele, na hapo akakutana na jambo ambalo mtu wa huku angepaswa kulikumbuka. Ilikuwa Jumamosi. Kibao cha wiki ya usafi, cha zamu ya kuosha ngazi, kilining'inia kwenye mlango wa ghorofa ya kwanza, na mwenye zamu, Bi Pfleiderer, alikuwa amesimama katikati ya ngazi na ufagio wake wa maji kama askari wa mpakani.

"Bwana Schwenk. Ngazi mbichi."

"Nina haraka, Bi Pfleiderer."

"Nami nina ngazi mbichi."

Alivua viatu.

"Soksi ndiyo mbaya zaidi," alisema Bi Pfleiderer. "Zinaacha manyoya."

"Najua. Leo hakuna anayejua hilo kuliko mimi."

"Subiri dakika kumi zikauke. Kwani dada yako anaumwa?"

"Bado."

"Bado?"

Watu wa Erlenbronn wana gazeti, lakini wenye haraka humuuliza Bi Pfleiderer. Ottmar alitazama zile ngazi zinazong'aa, akatazama uso ule uliokuwa tayari kupokea habari, akaona kwamba hakuna njia ya tatu.

"Dada yangu anakaribia kuvuta ndani ya mapafu yake maji yaliyotoka kwenye mashine ya kukaushia nguo," alisema. "Nilimpa mimi. Nilimwambia ni safi."

Bi Pfleiderer aliegemeza ufagio ukutani.

"Hatakusikia ukigonga," alisema. "Ufunguo wake wa akiba ninao mimi." Akatangulia kupanda, akikanyaga ngazi yake mwenyewe mbichi, kwa viatu.

Saa tisa kasoro dakika tano.

Mashine ilikuwa mezani, kimya. Barakoa ilining'inia, kavu. Hiltrud alikuwa amekaa kwenye kochi na blanketi magotini, vifaa masikioni, macho wazi, mashavu mekundu.

"Mnaingia kama polisi," alisema. "Nimeshindwa hata kulala."

Ottmar aliketi kwenye kiti cha karibu. "Hujatumia. Asante Mungu, hujatumia."

"Ya leo mchana sijatumia."

"Ya leo mchana?"

"Jana jioni nilitumia. Na leo asubuhi. Nilirudia mara mbili, maana ilikuwa na harufu nzuri."

"Harufu ya nini, dada?"

"Ya maua. Nikasema kweli mdogo wangu ni fundi, hata manukato katia."

Bi Pfleiderer, mlangoni, akasema polepole, "Kilainishi."

Hiltrud alifungua kinywa kumuuliza ana maana gani, na badala ya maneno kikatoka kikohozi. Hakikuwa kile cha kila siku ambacho familia nzima inakijua. Hiki kilitoka chini zaidi na hakikutaka kuisha. Ottmar alimgusa paji la uso, akaenda kutafuta kipimajoto. Nyuzi thelathini na nane na nusu.

Alimweleza. Safari hii hakutaja divai.

Hiltrud alimkazia macho. "Maji ya nguo zenu?"

"Na mashuka."

"Ya kwenu au ya wageni?"

"Dada!"

"Nauliza tu." Akavuta pumzi, ikakwama, akavuta nyingine. "Nani mwingine anajua?"

"Irmtraud. Na Bi Pfleiderer."

"Pfleiderer! Basi mji mzima unajua."

"Nipo hapa, Hiltrud," alisema Bi Pfleiderer. "Na nina gari. Mtasimama au mtaendelea kunisema?"

"Ijumaa ndiyo wanabandika jina la Ottmar kwenye maabara mpya," Hiltrud alimwambia Bi Pfleiderer, kwa sauti ambayo Ottmar hakuwahi kuisikia kwake, sauti ya kuomba. "Ijumaa, Gudrun."

"Achana na Ijumaa, dada," alisema Ottmar. "Vaa koti."

Hospitalini walimpokea haraka, kama wanavyopokewa wazee wenye mapafu mabovu. Ottmar alibaki dirishani kujaza fomu. Penye neno "kazi" aliandika "mstaafu" na hakuongeza kitu. Alipofika kwenye chumba cha uchunguzi, pazia lilikuwa limefungwa nusu, na daktari, mwanamke kijana aliyeitwa Iosifescu, alikuwa ameketi kitandani karibu na Hiltrud na daftari mapajani.

"Picha ya kifua haina doa," daktari alikuwa akisema. "Oksijeni si mbaya kwa mtu mwenye hali yako. Umevuta kitu chochote tofauti na dawa zako?"

"Maji ya fedha," alisema Hiltrud. "Nilijitengenezea mwenyewe."

Ottmar alisimama na mkono kwenye pazia.

"Kwa maji gani?"

"Ya bomba," alisema Hiltrud. "Na vijiko viwili vya mama."

Mabega ya daktari yalishuka. "Usirudie. Mapafu hayataki fedha, wala maji ya bomba. Lakini kama ni ya bomba ya hapa, afadhali. Nilipohamia mjini niliambiwa ninywe bila wasiwasi, kwamba kulikuwa na mzee mmoja wa maabara asiyeacha hata tone lipite bila kulihoji." Alitabasamu. "Nitakupa vidonge vya kawaida vya kifua. Nenda nyumbani, upumzike, urudi Jumatatu nikuone."

Hilo, msomaji, lilikuwa neno zuri kuliko yote aliyowahi kusemewa Ottmar Schwenk, na lilisemwa na mtu asiyejua kwamba yuko nyuma ya pazia. Miaka thelathini na moja ya kazi ilikuwa imefupishwa katika sentensi moja, na sentensi hiyo ilikuwa inampeleka dada yake nyumbani.

Maana yeye alijua yaliyobaki. Kilainishi kikiingia kwenye mapafu kinaweza kuchukua siku moja au mbili kabla ya kuonyesha kilichofanya, na picha ya leo isionyeshe kitu. Na vijidudu wanaopenda maji ya aina ile, ya uvuguvugu na yenye taka laini, baadhi yao hawashtuliwi na vidonge vya kawaida. Hadi Jumatatu kuna usiku wa leo na wa kesho. Ghorofa ya tatu. Bila vifaa masikioni.

Hiltrud alimwona. Alimtikisia kichwa, kidogo sana: usithubutu.

Alihesabu faida ya kunyamaza. Ilikuwa kubwa. Alishangaa jinsi alivyoihesabu kwa usahihi.

"Hayakuwa ya bomba," alisema, akafungua pazia.

"Ottmar, kaa kimya."

"Ni maji yangu. Nilitengeneza mimi. Yalitoka kwenye kisanduku cha mashine ya kukaushia nguo, yamekaa humo na kwenye dumu kwa wiki kadhaa, yana kilainishi, na sijui yana vijidudu gani kwa sababu sikupima. Amevuta mara tatu tangu jana jioni."

Daktari aliweka kalamu chini. "Na wewe ni nani?"

"Yule mzee wa maabara."

"Usimsikilize, daktari," alisema Hiltrud, akijiinua kwa viwiko. "Ni mdogo wangu. Tangu utotoni ana ugonjwa wa kubeba makosa ya watu. Nilivunja dirisha la mchungaji, akaenda kuungama yeye."

"Hilo dirisha nililivunja mimi!"

"Unaona?"

Daktari Iosifescu aliwatazama mmoja mmoja, wazee wawili wenye pua zinazofanana, kila mmoja akigombea kosa. Hakuwa tena na tabasamu.

"Mmoja wenu ananidanganya, na dawa zinazofuata ni kali kwa moyo wa mama huyu, sitazitoa kwa kukisia. Nipeni chupa. Maabara itaamua."

Hiltrud alitazama blanketi.

"Chupa iko wapi, dada?"

"Baada ya simu yako nilikosa usingizi, nikaona yasiyotulia hayafai, nikayamwaga yote yaliyobaki. Chupa nimeiosha. Kwa maji ya moto na soda. Chupa nzuri kama ile, ya kahawia, ningeiacha chafu?"

"Na barakoa?"

"Nimeichemsha. Wewe ndiye uliyenifundisha."

"Hakuna tatizo," Ottmar alimwambia daktari, na mikono yake ilikuwa tayari inatafuta simu mfukoni. "Dumu liko nyumbani, zaidi ya nusu. Na gilasi. Mke wangu yupo hapo hapo, atayaleta kwa teksi katika robo saa."

Irmtraud alipokea kabla mlio wa kwanza haujaisha. Alikuwa anahema.

"Vipi wifi yangu?"

"Tuko hospitali. Sikiliza vizuri. Lile dumu usiliguse."

"Tulia, mume wangu. Nimeshamaliza."

"Umemaliza nini?"

"Kila kitu. Dumu, gilasi, kisanduku cha mashine, mpaka ule mpira wa ndani. Nimemwaga yote, nimesugua kwa siki, nimesuuza mara tatu, sakafu nimeipiga deki. Kibandiko nimekichoma. Nyaya zako zimekwenda na gari la taka la jirani." Sauti yake ilijaa furaha ya mtu aliyeokoa jahazi peke yake. "Aje yeyote aulize, Ottmar, humu hapajawahi kuwa na tone. Jina lako liko salama."

Nyuma yake Hiltrud alianza kukohoa tena, na kibanio cha kupimia oksijeni kwenye kidole chake kikaanza kulia, mlio mwembamba, wa haraka. Daktari alikuwa amesimama tayari, mkono mmoja kwenye bomba la oksijeni.

"Bwana Schwenk," alisema bila kugeuka, "hiyo sampuli inakuja au haiji?"